Benin: nchi inayoishi kwa kinachopita

Asanteni kwa kufika, hasa mliokuja moja kwa moja kutoka kazini. Nilipoombwa kuzungumzia nchi moja ya Afrika Magharibi, najua wengi mlitegemea Nigeria au Ghana. Hizo mnazo kila siku kwenye filamu na muziki. Mimi nimewaletea Benin, iliyobanwa kati ya Nigeria na Togo, ukanda mwembamba unaoanzia Ghuba ya Guinea na kupanda kaskazini hadi Mto Niger. Katiba inasema mji mkuu ni Porto-Novo. Rais, wizara na pesa viko Cotonou. Naona wa Dodoma mnacheka.

Leo nataka tushike jambo moja. Kwa karne tatu sasa, riziki ya nchi hii imetokana na kitu kinachopita kuelekea kwingine. Anayeishika njia ndiye mwenye nchi, na bei mara nyingi hupangwa na jirani.

Tuanze na ufalme wa Dahomey, uliokuwa kusini mwa Benin ya leo. Makao yake yalikuwa Abomey, bara, mwendo wa kilomita mia na kidogo kutoka pwani. Mfalme Agaja aliteka Allada mwaka 1724, kisha Ouidah mwaka 1727, na hakufuata samaki. Ouidah ndiko meli za Wazungu zilikotia nanga kununua watu. Tangu hapo majeshi ya Abomey yaliteka, mfalme akauza, na mateka wakavushwa hadi Brazil na visiwa vya Karibi.

Tumezoea kuisimulia biashara hii kana kwamba Mzungu alishuka melini akakamata watu mwenyewe. Benin hawana pa kujificha hivyo. Wakala mkubwa wa Ouidah enzi za Mfalme Ghezo alikuwa Mbrazili, Francisco Félix de Souza, aliyekufa mwaka 1849. Ukoo wake upo hadi leo, na cheo chake cha Chacha bado kinarithiwa. Katika mji huohuo kuna koo zilizouziwa watu wao. Mwaka 1999 Rais Mathieu Kérékou alikwenda Marekani akawaomba radhi Wamarekani weusi kwa sehemu ya Waafrika katika biashara ile. Nadhani ni wachache sana, kati ya viongozi wetu, walioweza kutamka hivyo hadharani.

Waingereza walipobana biashara ya watu, Ghezo aligeukia mafuta ya mawese. Njia ilikuwa ileile, mzigo ndio uliobadilika. Na michikichi ililimwa na nani? Na watumwa waliobaki nyumbani.

Wafaransa waliingia kwa vita mwaka 1892, wakiongozwa na Alfred Dodds, chotara wa Saint-Louis, Senegal. Walipambana na jeshi lililokuwa na vikosi vya wanawake, na hao si hadithi ya sinema: maofisa wa Kifaransa wenyewe waliandika jinsi walivyosumbuliwa nao. Mfalme Béhanzin aliona heri aliteketeze jumba lake Abomey kuliko kuwaachia. Alijisalimisha mwaka 1894, akahamishiwa Martinique, akafia Algiers mwaka 1906. Vilivyonusurika moto vilibebwa Paris. Vitu 26 kati ya hivyo vilirudi Novemba 2021, na mwaka uliofuata vikaonyeshwa ndani ya ikulu ya Cotonou, watu wakajaa. Kimoja ni sanamu ya mbao kubwa kama mtu, inayomwakilisha Béhanzin: nusu papa, nusu binadamu. Kwa mfalme wa bara kujiita papa, ujumbe uliwalenga waliokuja kwa merikebu.

Sasa turuke miaka. Ukipita kando ya barabara Cotonou au Porto-Novo utaona meza za mbao, juu yake chupa na magaloni ya kioo yenye kimiminika cha manjano. Ile ni petroli, wanaiita kpayo. Imevushwa kutoka Nigeria kwa magendo, madumu yamefungwa pande zote za pikipiki hadi dereva haonekani vizuri. Muuzaji anamimina kwa mpira na faneli yenye kitambaa cha kuchujia, na bodaboda wao, wanaoitwa zémidjan, anaondoka. Biashara ilisimama juu ya ruzuku ya mafuta ya Nigeria. Mei 2023 Rais Bola Tinubu alitangaza kuifuta, na bei ya kpayo ikapanda karibu mara moja. Mtu wa Cotonou alipandishiwa nauli na uamuzi wa Abuja. Septemba mwaka huohuo ghala la petroli ya magendo liliwaka moto Sèmè-Kraké, mpakani, wakafa zaidi ya watu 30.

Nigeria iliwahi kufunga mpaka kabisa, kuanzia Agosti 2019 hadi Desemba 2020, ikilalamikia mchele unaoingizwa kwa mlango wa nyuma. Ni kweli: Benin huagiza mchele mwingi kuliko inavyoweza kula.

Upande wa kaskazini kuna Niger, isiyo na bahari. Ninyi wa Dar mnajua bandari yenu inavyoitegemea mizigo ya Zambia na Kongo. Cotonou nayo iko hivyo kwa Niger. Jeshi lilipopindua serikali Niamey Julai 2023, ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikaweka vikwazo na Benin ikafunga mpaka. Vikwazo viliondolewa Februari 2024, Benin ikafungua, Niger ikakataa kufungua upande wake. Kumbe hapohapo kulikuwa na bomba jipya la mafuta, karibu kilomita 2,000, lililojengwa na Wachina kutoka Agadem, kwenye visima vya mafuta vya Niger, hadi pwani ya Benin. Mei 2024 Cotonou ikazuia mafuta yasipakiwe, halafu ikalegeza. Kila mmoja alikuwa amemkaba mwenzake koo.

Siasa nitazipitia haraka, ila Februari 1990 siwezi kuiruka. Kérékou, mwanajeshi aliyepindua mwaka 1972 na kutangaza Umaksi, alikuwa amefilisika. Benki za serikali zimeanguka, walimu hawalipwi. Akaitisha Mkutano wa Taifa chini ya Askofu Isidore de Souza. Wajumbe wakajitangaza kuwa wenye mamlaka ya mwisho, na yeye akakubali. Uchaguzi wa 1991 akashindwa na Nicéphore Soglo, akaondoka, akarudi kwa kura mwaka 1996. Nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kifaransa ziliiga mkutano ule.

Patrice Talon, tajiri wa pamba, aliingia mwaka 2016, na uchaguzi wa wabunge wa 2019 ulifanyika bila chama cha upinzani hata kimoja. Mpinzani wake Sébastien Ajavon, tajiri wa kuku wa kuagiza, alihukumiwa miaka 20 kwa dawa za kulevya. Alikwenda kushtaki hapa kwetu, Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mwaka 2019 akashinda. Mwaka uliofuata Benin ikafuta ruhusa ya raia wake kufungua kesi pale. Tanzania ilikuwa imefanya hivyo miezi michache kabla. Nadhani maswali yanaweza kuanzia hapo.