Mzizi wa munkoyo na kazi ya kimea

Wamama, wababa, nanyi wanafunzi, jambo. Mbele yangu kuna sufuria mbili za uji wa mahindi, unga mmoja, maji kipimo kimoja. Asubuhi niliiacha ya kushoto ipoe mpaka kidole kikavumilia, ndipo nikatia mizizi iliyopondwa ya munkoyo, ule mmea unaotupa kinywaji chetu cha mahindi cha jina hilohilo. Ya kulia nayo nilitia mizizi ileile, ila niliichemsha kwanza nusu saa nzima. Tazameni upawa: kulia uji unaanguka kwa mabonge, kushoto unamiminika kama maji, na ni mtamu. Sukari sikutia hata kijiko.

Utamu huo umetoka kwenye unga wenyewe. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na ndani ya mzizi mna vimeng'enya viitwavyo amilasi, vinavyoukata. Moto mkali huviharibu. Ndiyo maana mama anayepika munkoyo kule Katuba, mjini Lubumbashi, hugusa uji kwa mkono kabla ya kutia mizizi. Wanafunzi wa kemia, uheshimuni mkono huo, unapima kitu cha kweli! Hata mate yana amilasi: tafuna bukari (ugali) polepole bila kumeza, utaonja utamu ukija.

Kiwanda cha bia hufanya hivyohivyo. Shayiri huloweshwa ichipue iwe kimea, kisha kimea hukata wanga katika maji ya nyuzi 65 hivi. Mwaka 1833, huko Ufaransa, wanakemia Payen na Persoz waliitenga dutu hiyo inayokata wanga kutoka kwenye kimea. Njia zinaachana baadaye: bia hutiwa hamira, sukari ikawa alkoholi, munkoyo hukaa siku moja au mbili, bakteria wa asidi ya laktiki wakauchachusha. Uchachu huo huzuia vijidudu vingi vya tumbo. Lakini ukiongeza maji machafu wakati wa kuuza, umeirudisha hatari uliyokwisha kuifukuza, na jambo hilo linaniuma.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni: na shaba je, nayo vijidudu huweza kuitoa kwenye mawe? Ndiyo. Bakteria aitwaye Acidithiobacillus ferrooxidans huishi ndani ya asidi, hupata nguvu kwa kugeuza chuma kilichoyeyuka, na chuma hicho huvunja mawe ya salfidi, yaani yale ambamo shaba imeungana na salfa, shaba ikatoka. Chile wameitumia njia hiyo. Jiwe letu la kijani, malakiti, halimhitaji: asidi peke yake inatosha. Kazi yake iko chini zaidi, kwenye salfidi.

Sasa leteni vikombe, muonje wa kushoto. Haujachachuka bado, ule wa juzi uko kwenye bidoni ya manjano.