Chavua Hai Haipimwi kwa Rangi

Mabwana na mabibi shamba, ndugu zangu wa vitalu, karibuni. Leo hapa Moshi tunajifunza kupima kama chavua ingali hai, na kuihifadhi; mfano wetu ni pesheni ya njano, kwa kuwa haina msamaha. Ua lake hufunguka karibu na adhuhuri, hufunga usiku huohuo, na kwa kawaida halizai kwa chavua ya mche wake wenyewe. Kama mche unaoutaka umechanua wiki hii na mwenzake bado, itabidi uhifadhi chavua. Na ukihifadhi, itabidi uipime.

Wengi hupima kwa asetokamini, rangi nyekundu ya maabara: chembe ya chavua ikishika wekundu, wanaiandika hai. Mimi siiamini. Chembe iliyokufa jana bado ina vitu vya ndani vinavyoshika rangi. Wekundu unakuambia chembe ilijaa vizuri ilipokuwa ikikomaa, basi. Tuioteshe tuone.

Maji ya kuoteshea ni yale ya watafiti Brewbaker na Kwack, ya mwaka 1963. Mizani ya kawaida haipimi miligramu 10, kwa hiyo tengenezeni chupa nne za mililita 100 kila moja: asidi ya boriki gramu 1, kalisi naitreti gramu 3, magnesi salfeti gramu 2, potasi naitreti gramu 1. Msizichanganye zikiwa kali. Kalisi ikikutana na salfeti hutoa tope jeupe. Siku ya kupima, anzeni na maji yaliyochujwa kwa mvuke, tieni humo mililita 1 ya kila chupa kwa sirinji, ongezeni sukari nyeupe gramu 10, kisha jazeni maji hayohayo hadi mililita 100. Yakibaki, mwageni. Maji ya sukari huota ukungu, na nyuzi za ukungu zimewadanganya wengi wakadhani ni mirija ya chavua, ile inayochipuka chembe ikiota. Uzi wa ukungu hutoa matawi. Mrija wa chavua kwa kawaida hautoi.

Wekeni tone kwenye kioo, gusisheni chavua kwa ncha ya brashi laini, kisha ingizeni kioo kwenye kopo la plastiki lenye kitambaa kibichi na kufunika. Joto liwe nyuzi 25 hivi, si dirishani penye jua la Februari. Baada ya muda wa saa tatu au nne, tazameni kwa hadubini. Chembe imeota ikiwa mrija wake umefikia angalau kipenyo cha chembe yenyewe. Hesabuni 300 kutoka sehemu mbalimbali za kioo, msichague penye uzuri. Zikiota 186, hiyo ni asilimia 62.

Mkiona chembe zimepasuka na kumwaga uji, maji yameingia kwa kasi: pandisheni sukari iwe gramu 15, hata 20. Chembe zikiwa chache mno kwenye tone nazo huota vibaya; Brewbaker na Kwack walionyesha kwamba kinachopungua hapo ni kalisi. Na kila mara pimeni pembeni chavua mbichi ya leo. Bila hiyo, ukipata sifuri hujui kama chavua imekufa au maji yako ya kuoteshea ndiyo mabovu.

Sasa kuhifadhi. Unyevu ndio adui wa kwanza, joto hufuata. Chavua yenye maji ikigandishwa, barafu huichana kwa ndani. Ikausheni usiku kucha kivulini, ndani ya kopo lenye silika ya bluu, zile punje za kunyonya unyevu. Ikigeuka waridi, imeshashiba. Vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu mara nyingi vimeshiba zamani. Kisha gaweni katika vichupa vidogo, kila kimoja cha kutumika mara moja. Kwa mazao mengi ya matunda, friji ya nyuzi 4 hutosha siku kadhaa hadi wiki chache, na friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri hufikisha miezi.

Kichupa kikitoka kwenye friza, msikifungue hadi kipoteze ubaridi, la sivyo umande utatua juu ya chavua. Na chavua kavu msiitumbukize majini moja kwa moja: ilazeni kwanza saa moja au mbili kwenye hewa ya kopo lenye kitambaa kibichi, inywe unyevu polepole. Wengi huruka hatua hii, wakatupa chavua nzima.

Mkipaka shambani, ua lina stigma tatu, yaani ncha za kike zinazopokea chavua; gusisheni zote. Kisha livikeni mfuko wa karatasi, maana mvua ikilipata mapema hupasua chembe vilevile kama maji yasiyo na sukari.