Kiwanja Kimoja na Vyumba Viwili: Kuanza Kuwekeza kwa Kipato Kidogo

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mmeniomba nizungumzie namna mtu wa mshahara wa kawaida anavyoweza kuanza kuwekeza kwenye ardhi na nyumba, nami nitatumia muda mwingi kwenye uhakiki wa kiwanja kabla fedha haijatoka mkononi. Tajiri akidhulumiwa kiwanja hununua kingine, lakini kwetu sisi hiyo ni akiba ya miaka minne au mitano.

Yamenikuta. Kiwanja changu cha kwanza, pembezoni mwa Dar es Salaam, nilikinunua kwa mkataba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mashahidi wawili walioletwa na muuzaji mwenyewe. Miezi saba baadaye nilikuta mtu amemwaga mawe na mchanga pale pale, naye alikuwa na karatasi kama yangu, yenye tarehe iliyotangulia ya kwangu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo tunachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo husimama juu ya nyaraka. Kama kiwanja kina hatimiliki, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki na kama kimewekwa rehani. Kama hakina, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize eneo hilo limepangiwa matumizi gani, kwa kuwa wapo waliouziwa hifadhi ya barabara wakabomolewa nyumba zao. Kisha rudi kiwanjani siku nyingine, bila dalali, uzungumze na majirani wa pande zote nne. Kama kimepimwa, tafuta bikoni, yaani alama za zege za mipaka, kwenye kila kona. Mara nyingi zimefunikwa na udongo, hivyo fukua kwa jembe, ufute zege kwa mkono mpaka namba isomeke, uilinganishe na ramani ya upimaji.

Ridhaa ya mwenza wa muuzaji nayo tusiipuuze. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali, na binafsi naona ni busara wote wawili wasaini hata pale panapouzwa kiwanja kitupu.

Kuhusu ujenzi, ninaiheshimu sana ile nyumba ya Kiswahili ya Magomeni na Ilala, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ambamo mwenye nyumba aliishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Wazee wetu waliwekeza bila mkopo wa benki. Leo wengi tunaanza na msingi wa vyumba vinne na sebule kubwa, fedha inaishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na nyasi zinaota ndani. Afadhali uchore ramani nzima lakini ujenge vyumba viwili vya uani kwanza, uviezeke, uweke choo na maji, upangishe. Tuchukulie kila chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi na mpangaji analipa miezi 6 kwa mkupuo: ni shilingi 600,000 zinazoingia pamoja, nazo zinanunua saruji na nondo za hatua inayofuata bila kugusa ada ya watoto.

Ile karatasi yangu ya daftari nimekuja nayo, ipo hapa mezani. Haina vipimo vya kiwanja, haina jina hata la jirani mmoja, wala haina saini ya mke wa muuzaji. Naomba ipitishwe mkono kwa mkono, kila mmoja aisome, kisha nitapokea maswali.