Redio Ikizimwa, Kikao Kinaanza: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Habari, Arusha

Historia ya magazeti mmeshaisoma, sitairudia: Kiongozi la Tanga, Mambo Leo la 1923, yote yamo madaftarini mwenu. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea: kampeni ya Mtu ni Afya, ile ya elimu ya afya kwa redio na vikundi vya kusikiliza, mwaka 1973. Naitaja kila mara kwa sababu kila mara nakuta mwanafunzi wa habari asiyeijua, na hilo linaniudhi.

Mkishuka pale Philips mnaona kituo cha daladala tu. Jina lile ni la kiwanda kilichokuwa kikiunganisha redio hapa hapa Arusha. Basi, chukueni redio moja, iwekeni chini ya mti, watu waizunguke. Redio Tanzania ilirusha kipindi kila wiki, wiki 12. Kikiisha, redio inazimwa. Zingatieni hapo: inazimwa! Kiongozi wa kikundi, aliyepewa mafunzo, anafungua kitabu na kusoma kwa sauti, maana wengi pale ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Kisha maswali. Hapa kwetu mbu wanazaliana wapi? Nani hana choo? Hawatawanyiki mpaka wakubaliane nani anafyeka, nani anachimba, na lini. Walishiriki watu kama milioni 2, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu.

Najua kuna atakayesema: Mwalimu, redio ile ilikuwa ya serikali, na ilikuwa peke yake. Kweli kabisa, na sitaki turudi huko. Radio One na ITV zilipoanza 1994 tulipata pa kusikia sauti nyingine, na ni faida kubwa. Lakini sauti zimeongezeka, kikao kimekufa. Leo sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana inaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp saa tano usiku, "wasambazie wengine," na kukicha imeshafika Ngarenaro, Tengeru na Usa River. Kila mmoja ameisikiliza peke yake, sikioni. Nani aliuliza imetoka wapi? Wakati wa korona watu walijitibu kwa maelekezo ya namna hiyo hiyo.

Wala msiniambie watu hawana muda wa kukaa. Vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vinakaa kila wiki, akina mama wanahesabu hisa mbele ya wote, na asiyeelewa anauliza papo hapo. Mtangazaji wa kipindi cha afya akakae na kikoba kimoja, kipindi kisikilizwe, kizimwe, naye anyamaze asikie wanachobishania. Atarudi studio na kipindi cha wiki ijayo mkononi.

Televisheni sitaifikia, mwenyekiti ananionyesha saa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018, zisomeni wenyewe pamoja na marekebisho yake, tena kabla hamjafungua chaneli, maana zinahusu leseni na ada. Maswali sasa. Tuanze na yule dada wa nyuma aliyekuwa akitikisa kichwa nilipotaja vikoba.