Fundi Simu wa Dollis Hill

Nimeombwa nizungumzie wavumbuzi wa kompyuta. Orodha yenyewe mnaijua: Babbage, Ada Lovelace, Turing, kisha Wamarekani na kompyuta yao, ENIAC. Siipingi. Ila kila ninaposimama mbele ya wanafunzi wa ufundi huuliza swali lile lile: nani anamjua Tommy Flowers? Leo nimehesabu mikono miwili, ukumbi mzima. Basi tutakaa naye huyo, wengine mtawakuta vitabuni.

Flowers alizaliwa mwaka 1905 Poplar, mashariki mwa London, baba yake mwashi. Mchana alikuwa mwanagenzi kwenye karakana za silaha za Woolwich, usiku akisomea umeme. Mwaka 1926 akaajiriwa Posta, ambayo siku hizo ndiyo iliyokuwa na simu pia, kama wazee wetu walivyokuwa na Posta na Simu. Huko, kwenye kituo cha utafiti cha Dollis Hill, akaanza kujaribu kuunganisha simu kwa kutumia vali, zile taa za kioo za redio za zamani, badala ya swichi za chuma zinazogongana.

Hapa naomba tutulie, maana habari yote imelala hapa. Kila mtu aliamini kuwa vali haziaminiki. Redio ya nyumbani ina vali chache tu, na bado zinaungua. Ukiziweka elfu moja pamoja, si kila baada ya dakika kadhaa moja itakufa? Flowers akasema hapana. Hebu niambieni, balbu ya nyumbani huungua wakati gani? Mara nyingi ni pale unapobonyeza swichi. Kinachoiua ni kule kupashwa moto na kupoa, kupashwa na kupoa. Yeye alikuwa ameziona vali za simu zikiwashwa na kuachwa, miezi kwa miezi, bila shida. Kwa hiyo: usizime. Na uzipe umeme mdogo kidogo kuliko zinavyoruhusiwa. Jambo hilo hakulipata kwenye karatasi ya profesa. Alilipata kazini.

Sasa Vita Kuu ya Pili. Huyo pale mbele ameshaguna "Enigma", ile mashine maarufu ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Siyo Enigma! Makamanda wakuu wa Ujerumani walitumia mashine nyingine ya kuficha ujumbe, Lorenz, yenye magurudumu 12. Kijana wa hesabu, Bill Tutte, aliufumbua muundo wake bila kuiona hata siku moja. Ila kutafuta mpangilio wa magurudumu kwa mkono kulichukua muda mno, ndipo mwanahisabati Max Newman pale Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa siri wa adui, akaagiza mashine ya kusoma tepe mbili za karatasi zenye matundu, zikizunguka sambamba. Tepe zilivutika, zikapishana, zikakatika.

Flowers aliitwa kusaidia kuirekebisha. Akasema tepe moja iondoke kabisa, kazi yake ifanywe na vali ndani ya mashine. Vali ngapi? Zaidi ya 1,500. Bletchley hawakushawishika. Akarudi Dollis Hill, mkuu wake akamuunga mkono, na pamoja na wenzake Broadhurst, Chandler na Coombs wakaijenga kwa miezi kama 11.

Itazameni kwa karibu. Tepe moja inakimbia mita 12 kwa sekunde, na mstari wa matundu madogo ya katikati ndio unaopiga mdundo wa mashine nzima. Tepe ikiongeza kasi, mashine inaongeza nayo. Kwenye majaribio waliifikisha herufi 9,700 kwa sekunde, tepe ikapasuka vipande vipande. Wakatulia kwenye 5,000. Hiyo ndiyo Colossus, iliyofanya kazi yake ya kwanza tarehe 5 Februari 1944. Ya pili, yenye vali 2,400, iliwashwa tarehe 1 Juni, siku tano kabla ya majeshi ya Washirika kushuka Normandy, Ufaransa.

Mtasema, na Turing je? Turing, mwanahisabati wa pale Bletchley, namheshimu sana, na ndiye aliyempendekeza Flowers kwa Newman. Lakini Colossus hakuibuni yeye. Mtasema tena haikuwa kompyuta ya kila kazi, haikuhifadhi programu. Kweli. Hata ENIAC, mwanzoni, ilipangwa kwa nyaya na swichi.

Naonyeshwa saa, kwa hiyo Mjerumani Konrad Zuse na Z3, kompyuta yake ya Berlin ya mwaka 1941, namruka, samahani. Wale wanawake sita walioipanga ENIAC nao wanastahili mhadhara wao wenyewe.

Baada ya vita Flowers aliamriwa aharibu kila karatasi. Akachukua michoro yote ya Colossus akaitia kwenye tanuri la boila pale Dollis Hill, akaitazama ikiungua. Serikali ikampa pauni 1,000, ambazo hazikufidia hata fedha yake mwenyewe aliyotumia, na sehemu kubwa akawagawia wenzake. Kisha akaomba mkopo Benki Kuu ya Uingereza ajenge mashine nyingine ya aina hiyo. Wakamnyima, kwa kuwa hawakuamini kitu kama hicho kingefanya kazi. Na yeye, kwa kiapo cha siri, hakuweza kuwaambia kwamba kilishafanya kazi. Fikirini mtu amekaa upande huu wa meza, jibu analo, na mdomo umefungwa! Siri ilianza kufunguka miaka ya 1970. Huku nyuma dunia ilishafundishwa kwamba ENIAC ndiyo ya kwanza.

Mwaka 1993 Tony Sale alianza kuijenga upya, akiwa na picha nane za wakati wa vita na vipande vya michoro ambavyo mafundi wachache walikuwa wamevificha kinyume cha amri. Ilipowashwa mwaka 1996 Flowers alikuwepo, ana miaka 90.