Trela dogo la kusafiria: ingia ndani, ulale kwanza

Assalam aleikum ndugu zangu, na wakubwa zangu wote shikamooni. Niko Minnesota, nje kidogo ya Minneapolis, kwenye yadi wanakouza matrela ya kusafiria. Ni hivi vijumba vinavyovutwa nyuma ya gari, ndani kuna kitanda, jiko, sinki, na mara nyingi choo. Tangu niseme kwamba mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa sita na tunataka kumtembeza, maswali yamekuwa mengi: vinachaguliwaje? Mnalalaje humo? Leo nimeruhusiwa kurekodi, kwa hiyo twende tuingie.

Kabla sijafungua mlango, nawaambia kitu ninachokishikilia kuliko vyote. Ukiwa ndani ya trela dogo, usihesabu vitu vilivyomo. Muuzaji atakuhesabia yeye: friji ipo, televisheni ipo, taa za rangi zipo. Wewe hesabu ni mara ngapi utalazimika kubomoa kitu kimoja ili ufanye kingine. Unataka kulala, lazima meza iondoke. Unataka kwenda chooni, lazima mwenzio aamke. Unataka kufungua friji, lazima mtu atoke nje. Siku ya kwanza mtacheka. Siku ya nne watu wanaanza kununiana.

Haya, la kwanza hili. Hili ni Scamp la futi 13, yaani kama mita nne, na hapo wamehesabu mpaka kile chuma cha mbele kinachoshika gari. Yanatengenezwa Backus, kamji kadogo kaskazini ya hapa hapa Minnesota. Mwili wake ni faiba, kama boti, umefinyangwa nusu mbili, ya juu na ya chini, zikaunganishwa katikati. Muundo huu ulianzia Canada, Winnipeg, mwaka 1968, kwa trela lililoitwa Boler. Faida yake ni paa: halina maungio ya mbao na bati, kwa hiyo maji yana sehemu chache za kupenyea, kwenye madirisha, kwenye tundu la hewa, na pale palipotobolewa misumari. Ndiyo maana hata yaliyozeeka bado yanagombewa.

Njooni ndani. Mume wangu ana futi sita na anasimama humu bila kuinama. Huku nyuma kuna meza na viti viwili vinavyotazamana. Usiku meza inashushwa, mito ya viti inapangwa juu yake, panakuwa kitanda chenye upana wa futi nne na nusu hivi. Nyie mnaonunua vitanda vya nne kwa sita na tano kwa sita mnaelewa nasema nini: hapo katikati. Huku mbele, mnunuzi huchagua: ama bafu dogo, ama kochi ambalo mgongo wake unanyanyuliwa linakuwa vitanda viwili, cha juu na cha chini.

Kwa vijana wawili wasio na mizigo, hili ni trela zuri kweli, wala sitamkataza mtu. Lakini hebu liangalie kwa macho ya mama yangu. Mama ana magoti. Ana miaka sabini na kitu, na usiku huamka, kisha alfajiri anaamka tena kuswali. Kitanda kimegusa ukuta pande tatu. Aliyelala ndani ili atoke lazima apande juu ya mwenzake au atambae kwa magoti mpaka miguuni. Na akishaamka alfajiri akitaka kukaa anywe chai, atakaa wapi? Meza ndiyo kitanda, na mjukuu wake bado amelala juu yake. Mtu mzima anasubiri gizani mtoto aamke ndipo apate pa kukaa. Hapana. Kwa safari yetu, kitanda cha kugeuzageuza kimeshakataliwa.

Hili la pili ni refu zaidi, futi 16 za ndani. Kitanda kiko kwenye kona, hakiondoki, kimetandikwa muda wote. Wameandika ni kwini. Nimekuja na futi yangu ya kupimia, na tafadhali na nyie njooni na futi, kwa sababu kwini ya kwenye trela mara nyingi ni fupi. Kwini ya nyumbani hapa Marekani ni inchi 60 kwa 80. Hii ni 60 kwa 75. Kwa lugha yetu hiyo ni tano kwa sita na inchi tatu za ziada. Mume wangu akijinyoosha na mto kichwani, vidole vya miguu vinagusa ukuta. Yeye amelala hapa mbele yangu na viatu amevua, na kila mnunuzi afanye hivyo. Lala. Geuka. Mwambie mwenzio alale pia, kisha wewe wa ukutani jaribu kutoka. Wauzaji wameshazoea.

Sasa tuje kwenye choo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu video za Wamarekani hazitawaambia haya.

Matrela madogo mengi yana bafu la pamoja: choo, bomba la mvua na sakafu ya kutiririsha maji, vyote kwenye kibanda kimoja. Wenyeji wengi hapa hawalipendi, wanataka choo kivyake na bafu kivyake. Sisi tuliokulia Tanga, Mombasa, Unguja, hilo bafu tunalijua tangu utotoni. Na lina faida kubwa kwetu: lile bomba la mkono la kuogea linafika chooni. Unatawadha, unajisafisha kwa maji, hubebi kopo. Kwa nafasi ndogo, mimi nalichagua hilo bila kusita. Ila sakafu inabaki na maji, na mtu mzima mwenye magoti anateleza. Kwa hiyo naangalia kama kuna pa kushika, na kama ukuta una ubao imara wa kufungia mkono wa chuma. Gongeni ukuta. Ukisikia uwazi mtupu, huo mkono wa chuma hautashika.

Halafu kuna hesabu ya maji. Trela linakuwa na tanki la maji safi, tanki la maji ya sinki na kuoga, na tanki la choo. Mengine yana choo cha kaseti, yaani kijitanki cha lita 18 hadi 20 unachokichomoa kwa nje na kwenda kukimwaga. Hizo lita zimepangwa kwa mtu anayetumia karatasi. Familia inayojisafisha kwa maji italijaza mapema zaidi, na mkiwa wanne kaseti itakuwa kazi ya kila siku. Kwa hiyo mimi natafuta lenye tanki la choo la kudumu chini ya sakafu. Tanki safi nataka lisipungue galoni 20, kama lita 76. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukilijaza umeongeza kilo 76 kabla hujapakia hata kijiko. Nitarudi kwenye uzito.

Jikoni. Nimekuja na sufuria yangu ya pilau, hii hapa. Jiko ni la gesi, pleti mbili. Tazameni, naweka sufuria pleti ya kwanza... sasa kikaango pleti ya pili hakikai. Vinasukumana. Pleti ni mbili kwa kuhesabu, lakini kwa mpishi wetu ni moja na nusu. Na pembeni hakuna pa kukatia kitunguu, pote ni sinki. Lile la kwanza, pamoja na udogo wake, lilikuwa na kipande cha kaunta kizuri zaidi. Kuhusu kukaanga samaki, hilo lisifanyike ndani kabisa. Kitanda kiko hatua mbili, na harufu ikishaingia kwenye magodoro na mapazia mtasafiri nayo mpaka mwisho wa safari. Tutakuwa na jiko la nje na mtungi wake, chini ya turubai la kivuli. La ndani ni la chai, uji na siku ya mvua.

Friji nalipita haraka: kama ni ya gesi, trela lazima lisimame sawasawa, likiinama friji haipoi vizuri. Yanayotumia umeme wa betri hayana shida hiyo ila yanakula betri.

Jambo jingine la kupima ni msala. Nimeutandika kwenye njia ya katikati hapa, na umekunjika pembeni, njia ni nyembamba. Qibla kutoka Minnesota ni kaskazini-mashariki, na trela halisimami unavyotaka wewe, linasimama kufuata kiwanja cha kambi. Mara nyingi tutaswali nje, ni pazuri, miti na ziwa. Lakini mbu wa Minnesota wakati wa magharibi, jamani, hao si wa kusimuliwa. Kwa hiyo nataka sehemu ya ndani ambayo mama anaweza kuswali akiwa amekaa kwenye kiti, ageukie popote, bila mtu kulazimika kumruka.

Na lile ambalo wengi mmeniuliza inboksi kwa aibu: mtu na mama mkwe wake watalalaje kwenye kijumba kimoja? Hawatalala. Mume wangu hawezi kulala mita mbili kutoka kwa mama mkwe wake akitenganishwa na pazia, na mama hawezi kupata usingizi. Kuna matrela yana kitanda mbele na vitanda vya watoto nyuma, wauzaji wanayaita ya familia, lakini kuta zake ni plaiwudi nyembamba na kikohozi kinasikika kila upande. Mpango wetu ni huu: mama na mjukuu wake ndani, mimi na mume wangu kwenye hema linalofungwa ubavuni mwa trela. Ni kiangazi, hali ya hewa inaruhusu. Mama tulipomwambia kwa simu alisema, "Mkwe wangu alale nje, mimi ndani?" Mume wangu akamjibu mwenyewe kwamba ndivyo itakavyokuwa, na nyumba ni yake.

Kwa hiyo tukishaelewana hapo, ramani ya ndani inajichora yenyewe. Twende kwenye la tatu, hili ndilo nililowaletea.

Hili ni la futi 17, faiba pia. Vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, kila kimoja kwenye ukuta wake, njia katikati. Mama anakaa, anashusha miguu chini, anasimama. Hamruki mtu. Mtoto akiendelea kulala, bibi yake anakaa kitandani kwake mwenyewe anakunywa chai, kuna kijimeza cha kukunjua. Mchana vitanda ni makochi bila kugeuza chochote. Na mama akirudi Tanga, tunaweka mbao katikati na mto wa kujazia, panakuwa kitanda kimoja kipana cha mimi na mume wangu. Chini ya vitanda ni droo na masanduku, mizigo mizito inakaa chini na karibu na magurudumu. Msala umekaa, tazameni, bila kukunjika. Sufuria na kikaango... vimekaa, kwa shida kidogo lakini vimekaa.

Sasa uzito. Gari letu ni Toyota Highlander, huko nyumbani mnaiita Kluger. Letu la V6 limeruhusiwa kuvuta pauni 5,000, karibu kilo 2,270. Trela hili likijaa kila kitu mwisho wake ni pauni 3,500, karibu kilo 1,590. Mtu anaweza kusema basi nafasi ipo tele. Subirini. Uzito ule unaokalia nyuma ya gari pale kwenye kiungio unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela. Ukiwa mdogo mno, trela linayumba barabarani, na kuyumba kwa trela kunapindua gari. Kwa pauni 3,500 hiyo ni kati ya 350 na 525, na gari letu kwenye kiungio mwisho ni 500. Kwa hiyo lazima lipimwe likiwa limepakiwa, siyo kuamini karatasi ya trela tupu.

Kisha fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko kinachosema watu na mizigo visizidi kilo kadhaa. Tuseme kimeandikwa 600. Watu wanne tuna kilo 280. Kiungio kimekalia 200. Umebaki na 120 kwa mabegi, maji ya kunywa, jiko la nje, hema na mafuta ya nazi ya mama. Hicho kibandiko ndicho kinachoamua, na wauzaji wengi watakuonyesha ile namba kubwa ya kuvuta tu.

Mmoja ameuliza kuhusu yale yenye ubavu unaochomoza ukibonyeza swichi, chumba kinapanuka. Ni mazuri kukaa, ila mwambie muuzaji alifunge kwanza, kisha uingie hivyo hivyo. Je, unafika chooni? Unafika kwenye friji? Njiani mkisimama dakika kumi kwenye maegesho mama akihitaji choo, hamtaanza kupanua chumba.

Hili la tatu lina miaka kumi na kitu. Nimebonyeza sakafu pembezoni kwa kidole gumba, ni kavu na ngumu. Nimefungua makabati ya juu nikanusa kuvu, hakuna. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwishoni mwa mstari wake namba nne: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Haya ni ya zamani, kashata zake bado nzuri lakini mpira wa ubavuni umeanza kupasuka nyufa, hayatafika Itasca. Itasca ndiko Mto Mississippi unakoanzia, pale unauvuka kwa miguu juu ya mawe, na mama ameshasema anataka kuvuka. Nimemwambia muuzaji matairi mapya yaingie kwenye bei. Anakwenda kuongea na mwenzake.

Jumamosi tunarudi na gari, tulifunge, tulizungushe mtaani na kulipitisha kwenye mizani. Kiungio kikisoma chini ya pauni 500, tunalilipia.