Mheshimiwa aliyekuja kwenye akika

HAMZA: Karibuni tena. Tunarekodi hapa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo mkisikia kengele za baiskeli msishangae. Da Zaina, shikamoo.

ZAINA: Marahaba, mdogo wangu. Leo nina kesi ya nyumbani. Binti wa shangazi yangu anamalizia digrii ya biolojia Marekani, anataka udaktari wa meno hukohuko.

HAMZA: Si angerudi tu akaomba Muhimbili?

ZAINA: Njia ni tofauti. Muhimbili unaingia kwa ufaulu wako wa kidato cha sita, fizikia, kemia na biolojia, barua ya mapendekezo hakuna anayekuuliza. Kule kwa kawaida unaanza na digrii, halafu udaktari wa meno miaka 4. Maombi ya vyuo vingi yanapita kwenye mfumo mmoja, AADSAS, na unaruhusiwa barua zisizozidi 4. Vyuo vingi vinapenda walimu wawili wa sayansi waliokufundisha, na daktari wa meno mmoja. Kila chuo na masharti yake lakini.

HAMZA: Sasa kesi iko wapi?

ZAINA: Baba yake kashamtafutia mheshimiwa mmoja, rafiki yake wa siku nyingi. "Barua yenye jina lile nani atairudisha?" Nikamuuliza, huyo mheshimiwa amewahi kumwona binti akifanya kazi gani? Akanijibu, "Alikuja kwenye akika yake."

HAMZA: (anacheka) Basi ataandika alivyolia akinyolewa!

ZAINA: Wallahi. Na zikiwa 4 tu, ukimpa mheshimiwa nafasi moja, unamnyima aliyekuona.

HAMZA: Mimi yalinikuta nikiomba ufadhili. Nilimfuata mkubwa mmoja, akaniambia, "Kaandike mwenyewe, uniletee nisaini." Nikaenda steshenari, nikanakili mfano waliokuwa nao kwenye kompyuta. Mchapakazi, mwadilifu, mwenye kujituma. Kumbe mwenzangu tuliyeomba naye alipita steshenari ileile.

ZAINA: Mkapeleka barua pacha!

HAMZA: Hata koma zilifanana.

ZAINA: Sasa sikiliza. Likizo iliyopita huyu binti alikuwa anashinda kliniki moja hapa mjini, anamwangalia daktari akifanya kazi. Siku moja kaja mzee kung'oa gego. Kiswahili anakijua, ila kwa hofu kageuka Kidigo kitupu, na mdomo kaufumba. Binti akavuta stuli, akakaa usawa wa macho yake, akamweleza kwa Kidigo cha bibi yake: sindano itauma kidogo, halafu utasikia ganzi, ukitaka tusimame nyanyua mkono. Mzee akafungua mdomo. Daktari alikuwepo, kaona yote.

HAMZA: Huyo ndiye wa kuandika.

ZAINA: Binti mwenyewe anaogopa. Eti kliniki ndogo, watu wa kule hawaijui. Nikamwambia anayesoma barua haijui Tanga yenyewe, sembuse kliniki. Akishasoma habari ya ile stuli, atakujua wewe.

HAMZA: Na walimu? Amfuate aliyempa A?

ZAINA: Si lazima. Aliyempa A kwenye darasa la watu 300 atamkumbuka kwa lipi? Bora yule wa maabara aliyemwona akiharibu jaribio na kulirudia mpaka jioni. Ila aombe mapema, dirisha la maombi hufunguka kati ya Mei na Juni. Awapelekee matokeo yake na ukurasa mmoja wa kuwakumbusha walifanya nini pamoja. Na asiulize "utaniandikia?" Aulize "unanijua vya kutosha kuniandikia barua nzuri?"

HAMZA: Da Zaina, huku kwetu nani atakwambia hapana? Utapewa "inshallah" na chai juu.

ZAINA: Ndiyo uisikilize hiyo inshallah! Akikuuliza unataka kusomea nini, mwisho lini, huyo ataandika. Akikuuliza mama hajambo, shukuru, kunywa chai, nenda kwa mwingine. Maana barua ikishatumwa kwenye mfumo, huwezi kuibadilisha. Na unaulizwa kama unaacha haki yako ya kuisoma. Wengi huiacha, ili msomaji aamini mwandishi kaandika kwa uhuru.

HAMZA: Inapita mtandaoni moja kwa moja?

ZAINA: Mwandishi anatumiwa kiungo kwa barua pepe, anapakia mwenyewe. Daktari wetu kiungo chake kilikaa siku 9 kwenye takataka za barua pepe, binti kila jioni anapita kliniki "kusalimia" tu.

HAMZA: Na mheshimiwa?

ZAINA: Shangazi kamaliza yeye. Alipoambiwa barua haina karatasi wala haipiti mkononi, akauliza, "Na muhuri watagonga wapi?" Baba wa binti akakaa kimya, akaagiza kahawa.